Jiwe la Baba, Maneno ya Mama

Ijumaa, Kwihara

Kwa nini Mama amesubiri mpaka leo? Kesho wanazindua jiwe la kumbukumbu la marehemu Baba, "mwandishi wa rasimu ya katiba ya kwanza ya nchi", na hotuba natoa mimi.

Nilimsomea hotuba hiyo, pamoja na vifungu vya rasimu nilivyovinukuu, tukikata viazi vitamu vya kuanika kuwa michembe. Akacheka.

"Baba yako alikuwa karani mwenye hati nzuri. Mimi nilitunga, yeye akaandika. Mwanamke angesikilizwa na nani?"

Miaka yote nimewafundisha wanafunzi uongo. Nikisema ukweli, baba zangu wadogo watanitenga. Nisiposema...

Kwa aibu nikamwambia kesho abaki nyumbani, apumzike.

"Sibaki, mwanangu. Nikalishe mbele. Nataka kusikia maneno yangu yakisomwa."