Kabati na Mkasi

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Leo siku ya sitini na nne tangu nitoke machimbo ya dhahabu ya Masara. Nilihesabu nikiwa kwenye ngazi na karai la simiti kichwani. Mgongo umekataa kabisa. Mokaya, fundi mkuu wetu hapa Homa Bay, ananiita Msomi kwa sababu aliniona naandika kwenye kitabu hiki. Darasa la sita — msomi! Kwetu Malava wangecheka.

Tunajenga stoo nyuma ya ofisi ya mradi wa maji. Saa nne Madam Helen, karani wa ofisi, alitoka kutafuta mtu wa kuhamisha meza ya kompyuta. Nikaenda. Nilipoiweka chini akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema polepole. Kiingereza polepole zaidi.

"Basi wewe ndiye nilikuwa natafuta," akasema.

Kesho saa ya chakula nioshe mikono, niingie ndani. Mokaya amesikia. Kelele tupu tangu hapo: Msomi ameoa ofisini!

Jumanne, 7 Septemba 1999

Sasa nimeelewa. Ofisi ina intaneti, lakini inapitia simu inayopigwa hadi Kisumu, na mkubwa ameruhusu nusu saa tu kila Jumanne. Nusu saa hiyo Helen anakusanya kurasa kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Anazihifadhi, simu inakatwa, na watu wa mradi wanasoma wiki nzima bila simu. Shida ni kwamba zimerundikwa ovyo. Anayetaka ile ya magugu maji anatafuta hadi jioni.

Kwa hiyo Nairobi wamemtumia programu mbili za kujaribu. Bure siku thelathini, na zimebaki wiki mbili. Baadaye ofisi itanunua moja. Majina yake ni Kiingereza kirefu, Helen ameyatupa. Moja ina kialama cha droo, anaiita Kabati. Nyingine ina cha mkasi, anaiita Mkasi. Kabati inachukua ukurasa mzima na picha zake, inaandika yenyewe umetoka wapi na lini, kisha inauliza uwekwe droo gani. Mkasi unakata kile kipande tu umekipaka rangi kwa mausi. Halafu unakuachia nafasi ya kuandika neno lako pembeni.

Kazi yangu — anataja kitu, mimi natafuta, yeye anashika saa.

"Ukipata wewe, hata mkubwa atapata."

Sijui kama ni tusi. Nilicheka naye. Kiti chake ni laini. Nilikalia nusu, nisikichafue.

Jumatano, 8 Septemba 1999

Magugu maji: Kabati dakika mbili, Mkasi dakika tisa. Visima vya pampu: Kabati dakika moja! Nilijiona mtu. Halafu Helen akasema, tafuta zebaki.

Zebaki ndiyo ile sisi Masara tunaita dawa. Unaichanganya na mchanga uliosagwa, inakamata dhahabu, inakuwa donge. Unachoma donge, dawa inaenda hewani, dhahabu inabaki.

Nikaipata ndani ya Kabati. Picha ya mama wa nchi nyingine amechutama mbele ya jiko. Karai kama letu. Hata kanga yake imekunjwa magotini kama ya mke wangu Metrine. Chini ya picha wameandika kwamba moshi wa dawa hauonekani wote. Unaingia kwa pumzi, unatetemesha mikono. Kwa mwanamke mwenye mimba unapita hadi kwa mtoto. Usichome ndani ya nyumba.

Nilisoma mara tatu nikidhani ni Kiingereza changu kibovu.

Mke wangu anachoma madonge jikoni. Ana miezi sita. Mimi ndiye niliyemfundisha. Shimo letu lilipojaa maji na mimi nikaja huku kutafuta kibarua, yeye alibaki na kazi hiyo. Nilimwambia, funga mlango, dirisha pia, watu wasione dhahabu. Kila mtu Masara anafunga mlango.

Mwaka juzi tulimzika yule mtoto wa kwanza. Hakufika miezi saba. Watu wa ploti walisema ni kijicho.

Helen akauliza nimekwama wapi, saa inaenda. Nikamwambia.

Akasimamisha saa.

Alhamisi, 9 Septemba 1999

Nimebeba mawe tu. Sikula.

Jumapili, 12 Septemba 1999

Nimempata Rispa ufukweni akipakia dagaa wa omena. Ananunua huku, anauza Migori na Masara, anarudi. Ni rafiki ya Metrine, kwa hiyo mimi ni shemeji na ninatukanwa kama shemeji. Nimempa ujumbe: Metrine aache kuchoma. Leo hii.

"Yawa, shemeji! Miezi miwili hujatuma hata salamu, sasa unatuma amri?"

Nikamweleza. Akaacha mzaha. Akasema atafika Jumanne.

Alhamisi, 16 Septemba 1999

Jibu limekuja. Rispa alilitoa kwa sauti ya Metrine kabisa, mkono kiunoni:

"Mwambie Mama Byron hapa jirani amechoma miaka sita, ana watoto wanne wanene. Anataka niache nile nini, upepo? Kama maneno yake yako kwa karatasi, nitayaona. Kama ni mdomo, mimi pia ninao."

Tena ameagiza sumaku. Niliondoka nayo ndani ya koti bila kujua, na ndiyo nzuri tuliyo nayo ya kutoa mchanga mweusi kabla ya kutia dawa. Nimrudishie.

Nilikasirika. Baadaye hasira ikaisha. Angeamini kwa nini? Mimi mwenyewe nisingeamini bila ile picha.

Helen amesema mashine yake ya kuchapisha imekauka wino, mpya haijaletwa. Lakini Migori mjini kuna Shamima mwenye duka la kupiga chapa. Ana kompyuta na wino. Tukimpelekea diski, atatoa karatasi.

Ijumaa, 17 Septemba 1999

Kabati imekataa. Helen alijaribu kutia ule ukurasa mzima kwenye diski, kompyuta ikasema hautoshi. Hata ukitosha, Shamima hana Kabati na bila Kabati haufunguki. Mkasi unafunguka popote. Basi nikakata mwenyewe: picha ya yule mama na mistari saba. Mkono ulitetemeka kwenye mausi, nikaogopa — nami nilichoma miaka miwili. Pale pembeni Helen aliniambia niandike neno langu. Nikaandika, herufi moja moja, saa nzima ya chakula: Metrine, ni mimi. Anza hapa pa mtoto.

Kisha akaniuliza, kwa ripoti ya mkubwa, ipi bora? Nimefikiri kabla ya kujibu. Mkasi umenisaidia leo. Lakini Mkasi ni rundo la vipande. Kesho hujui kipande kilitoka wapi wala nani alisema. Kabati inajua. Hata mtu aliyechoka na kibarua anafungua droo anapata. Nikasema Kabati. Akaandika hivyo. Nilijisikia vizuri kuulizwa.

Jumamosi, 18 Septemba 1999

Diski nimeikunja kwa nailoni, nikaitia kwenye mkebe wa majani ya chai isilowe maji ya omena. Sumaku pia humo humo. Nimezikaza zisichezecheze. Rispa ameapa hataweka mkebe chini hadi Migori.

Nimelala mchana kidogo. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 22 Septemba 1999

Diski ni tupu.

Shamima aliiingiza mara nne. Hakuna kitu. Akamwuliza Rispa, mliibeba ndani ya nini? Rispa akaonyesha mkebe. Shamima akatoa sumaku, akaiangalia, akashika kichwa.

Sumaku inafuta diski. Sikujua! Nani Masara angejua? Kwetu sumaku inasafisha.

Mokaya alicheka hadi akakaa juu ya mfuko wa simiti. "Msomi amesafisha hata barua!" Kisha akaona uso wangu, akanipa sigara. Sivuti. Nikaivuta.

Metrine alikuwa ametembea hadi Migori na tumbo lile kuja kusoma. Alimwambia Rispa: "Hakukuwa na kitu tangu mwanzo. Anataka tu niache kazi nimtegemee." Akachukua sumaku yake akarudi kuchoma.

Alhamisi, 23 Septemba 1999

Nilikwenda kwa Helen kabla ya kazi tukate tena. Akanitazama kama mtu mwenye kosa. Mkubwa alisoma ripoti jana, akasema kama Kabati ndiyo bora, toa hiyo nyingine inajaza mashine. Helen akautoa Mkasi. Vipande vyote vimeenda nao.

Basi tufungue Kabati! Tukafungua. Siku thelathini zimeisha. Inaonyesha droo zote, majina yote, hata droo ya zebaki naiona. Ukibonyeza inasema nunua. Nairobi watanunua mwezi ujao, labda.

Nikasema tuitafute upya Jumanne, simu ikipigwa. Anwani ya ukurasa iko wapi? Ndani ya Kabati. Hakuna aliyeiandika mahali pengine kwa sababu Kabati inaandika yenyewe. Ndivyo nilivyoisifia. Helen alisema atajaribu Jumanne kutafuta hivi hivi, lakini mara ya kwanza ilimchukua nusu saa yote kuipata, na mkubwa ana orodha yake. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. Macho yake yalikuwa na maji. Nimsamehe nini? Mimi ndiye nilichagua.

Naandika hapa ninayokumbuka kabla hayajapotea. Moshi hauonekani wote. Unaingia kwa pumzi. Mikono inatetemeka. Unapita kwa mama hadi kwa mtoto. Usichome ndani. Mistari ilikuwa saba. Miwili imeniponyoka, na sijui kama ndiyo iliyosema la kufanya kwa aliyekwisha kuvuta.

Jumapili, 26 Septemba 1999

Rispa hakutania leo. Alinivuta kando ya magunia.

"Shemeji, jana alinimwagia chai. Kikombe kilicheza mkononi. Anasema ni uchovu. Nikamwambia aje kliniki, akasema akishamaliza madonge ya Machuki."

Machuki ndiye mwenye shimo jingine pale Masara. Anamletea Metrine madonge kila Ijumaa.

Nimekwenda kwa Mokaya nyumbani kwake, mkewe Nyaboke akanipa uji. Ijumaa tunamwaga zege, kila mkono unatakiwa. Nikamwomba ruhusa. Akasema, "Nenda. Lakini Alhamisi jioni nikuone hapa. Nisipokuona, karai lako lina kichwa kingine, na mimi sitaweza kukutetea." Hakuniita Msomi.

Jumatatu, 27 Septemba 1999. Masara

Nilipanda juu ya magunia ya Rispa tangu alfajiri. Nimefika saa sita. Mlango ulikuwa umefungwa, moshi unatoka chini yake. Niligonga. Akauliza nani. Nikasema mimi. Kabla ya kufungua alificha karai — nilisikia.

Amekonda isipokuwa tumbo. Hakunisalimu. Alisema, "Karatasi iko wapi?"

Nikatoa kitabu hiki nikamsomea. Moshi hauonekani wote. Unaingia kwa pumzi. Akasema, "Hayo ni maandishi yako." Nikasema ndiyo. Nikamweleza yote, sumaku, Kabati, yule mama wa kwenye picha na kanga yake magotini. Alisikiliza hadi mwisho. Mikono aliikalia nisiione.

"Soma tena pa mtoto."

Nikasoma.

"Na yule wa kwanza?"

Nikafunga kitabu. Ilikuwa ni mimi nikichoma wakati ule, na yeye akilala chumba hicho hicho. Alinitazama mpaka akaelewa. Akainuka akaenda kwa Mama Byron. Hakulia. Heri angelia.

Yamebaki madonge matatu ya Machuki. Amekwisha kuyapokea, hayarudi yakiwa hivyo, na kodi ya nyumba inategemea malipo ya hayo. Nimehamisha jiko nje, nyuma ya choo, upepo unaelekea kwenye mahindi. Watu wanasimama kutazama dhahabu yetu. Watazame. Nachoma mimi: moja leo, moja kesho, moja keshokutwa. Mkaa haujashika bado ndiyo maana naandika.

Metrine amekaa kwa Mama Byron, amenipa mgongo. Nimemwomba aache kabisa. Anasema ataona. Nimemwomba kliniki. Anasema ataona. Sasa hivi amepaza sauti bila kugeuka, ameuliza naondoka lini na narudi lini. Ijumaa Machuki anakuja na mengine.

Nimemwambia naondoka Alhamisi asubuhi. Kurudi ni tarehe kumi Desemba, mtoto akikaribia.