Mwiko wa Babu Andayi

S.L.P. 318,
Khwisero, Kakamega.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Senje Ayuma,

Ko, ko. Kimya. Ko.

Mlio huo unaujua. Ndivyo Kukhu, mama yako, anavyogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria akimaliza kusonga obusuma, na ndivyo ulivyoitwa kula ukiwa mtoto. Hakuna mpishi mwingine hapa anayegonga hivyo. Wiki tatu sasa umenikaa masikioni, ila mara hii sikuusikia nyumbani.

Lakini nikusalimu kwanza. Hujambo? Goti linaendeleaje, na baridi ya Edmonton imeanza? Kwetu mahindi yamekauka vizuri na Kukhu bado anatembea bila fimbo.

Kilichotusumbua ni mtoto wa kaka yangu Titus, yule uliyeonyeshwa kwenye simu. Tangu azaliwe alilia tu, akikataa titi la mama yake, Moraa, mpaka akabaki ngozi. Hospitali hawakuona ugonjwa. Wazee wakamwitia majina ya marehemu wetu, mmoja mmoja, ili anyamaze kwa yule anayemtaka. Hakunyamaza. Lilibaki la baba yako, Babu Andayi, na hilo Kukhu alilikataa. "Hatuchukui jina la mtu aliye hai." Kwake mumewe bado ni mpishi wa meli, yuko safarini. Ndiyo maana miaka yote hii hakuruhusu tuzike mgomba badala ya mwili, na kila jioni alimwekea sahani.

Mwezi uliopita sisi walimu wa historia tulikuwa Mombasa kwa mafunzo, wakatupeleka kwenye jumba la makumbusho ya ubaharia. Kuna nanga ndefu kuliko mtu, na ramani za njia za meli tangu zamani. Chumba cha mwisho ni kidogo, chenye ubaridi. Kimewekwa vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya mizigo iliyozama karibu na bandari, isipone hata roho moja. Nyuma ya kioo palikuwa na sufuria iliyoliwa na kutu, na mwiko.

"Kumbe hata baharini walisonga ugali," mwenzangu Kimutai alisema. "Basi hata mimi ningeweza hiyo kazi." Wakacheka, wakatoka.

Mimi sikuweza kutoka. Mpini ulikuwa na pete mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto, na mkato katikati. Wa Kukhu uko hivyo hivyo. Babu alichonga yote miwili kutoka gogo moja kabla ya kuondoka.

Ndipo nikausikia. Ko, ko. Kimya. Ko. Karibu kabisa.

Mhudumu akachungulia mlangoni. "Dada, tafadhali usigonge kioo."

Mikono yangu ilikuwa mifukoni.

Nilipomweleza Kukhu hakulia. Aliuliza tu, "Aligonga mara ngapi?"

"Mbili, halafu moja."

"Basi ameshapika. Anaita watu wake."

Tangu hapo hakupinga tena. Waliopinga ni wazee: mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye hutupa udongo wa kwanza, kwa hiyo tukungoje wewe uje Desemba. Senje, nilimshika yule mtoto. Alikuwa mwepesi kama kuku wa wiki mbili. Asingefika Desemba.

Alhamisi nilichukua panga, nikakata mgomba nyuma ya jikoni, nikauvisha blanketi la Babu na kuulaza sebuleni. Wazee walinikaripia sana, lakini ukishavishwa ni maiti, hauwezi kurudishwa shambani. Titus alichimba. Vijana wanne waliubeba, na njiani wakaomba kupumzika.

"Huu mgomba umekula nini?" mmoja aliuliza. Wakauinua tena.

Jioni ile Kukhu hakutenga sahani. Alisonga obusuma, akalaza mwiko chini bila kugonga. Mlio tuliusikia hata hivyo. Kukhu akasema, "Kuleni."

Titus na Moraa wanakusalimu, na Kukhu anasema usilie peke yako huko ugenini. Mungu akufunike kwa mkono wake, akulete ukiwa mzima.

Ukija utakuta kaburi limeshafunikwa. Udongo wa kwanza niliutupa mimi, kwa jina lako, kisha nikainama sikioni mwa mtoto nikamwita Andayi. Ananyonya.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Tracy