Mume Wangu Amelipamba Lori Kama Chumba cha Bibi Harusi

Shangazi Agnella, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kuwaaibisha watoto wangu, na nakusihi sana jina langu lisitoke, maana sisi wa Lipangalala tunajuana mpaka kuku.

Mume wangu ni Msukuma, mimi ni Mpogoro, tuna watoto watatu, na kazi yake ni kubeba mpunga kwa lori lake mwenyewe, lori la siku nyingi ambalo ukipanda mbele injini iko chini katikati yenu inanguruma mpaka meno yanagongana, kwa hiyo tangu tuoane tukisafiri tulikuwa tunaongea kwa kupiga kelele na kucheka, na hata akiwa bado yuko Katindiuka mimi nyumbani nilishalisikia nikabandika maji yake ya kuoga. Sasa baada ya mavuno, bila kuniambia, akalipeleka kwa fundi wa viti kule Viwanja Sitini, na liliporudi sikuamini macho yangu, dari lililokuwa bati tupu lenye kutu limevikwa sponji na kitambaa laini cha rangi ya maziwa, milangoni na kwenye ukuta wa nyuma ya viti kumebandikwa mpira mweusi mzito, juu yake sponji, juu yake tena kitambaa, chini kapeti, yaani ukifunga milango dunia yote inabaki nje. Nikamuuliza, Baba Sayi, hiki chumba umemwandalia nani, akacheka akasema, "Nataka kelele zipungue tu, mama." Shangazi, miaka yote hii kelele hazikumsumbua, leo ndiyo zimemsumbua?

Jirani yangu Merina aliponiona nalishangaa akaniambia, "Mwenzangu, mwanaume hatandiki sponji kwa ajili ya magunia." Tangu siku hiyo nimefungua macho na kila ninachokiona kinanichoma, kwanza simu, zamani alikuwa ananipigia njia nzima, sasa ananiambia nimwandikie meseji, na akipigiwa anainuka anakwenda nyuma ya nyumba anaibana sikio la kulia kama mtu anayeficha siri, pili kitandani, yeye ndiye aliyekuwa analala ukutani, mimi kushoto kwake, ghafla akataka tubadilishane upande, tatu nikimweleza jambo anaitikia "eeh" na kutabasamu tu, juzi nimemwambia mama yangu anaumwa akasema, "Eeh, vizuri," nikalia jikoni peke yangu.

Halafu kuna Beatus, utingo wake wa siku zote, mtu mzima mwenye familia, ambaye kazi yake ni kukaa nyuma na kumwongoza kwa kugonga ukuta wa kichwa cha lori, wamefanya kazi pamoja kama ndugu, mwezi uliopita wamegombana kwenye mashine ya kukoboa kwa sababu lori lilirudi nyuma likaangusha rundo la magunia, Baba Sayi akasema Beatus hakugonga, Beatus akaapa amegonga mpaka mkono umevimba, akafukuzwa. Nikamfuata Beatus kwake, nikamuuliza mume wangu ana nani, akatazama chini akasema, "Shemeji, muulize mwenyewe, mimi ya mwanaume mwenzangu siwezi kuyasema." Si unaona, Shangazi, anamjua! Na nilipopekua lori nikakuta chini ya kiti kichupa cha mafuta yanayonuka kitunguu saumu, kimefungwa pamoja na pamba, nikajua sasa wamefika mpaka kwa mganga na hiyo ndiyo dawa ya mvuto.

Lakini lililonimaliza ni la wiki hii, nilimfuata kwenye mashine nikamkuta amekaa kwenye usukani, nikasimama dirisha la pili, nikamwita Baba Sayi, kimya, nikamwita tena, kimya, hasira zikanipanda nikamwita Limbu, jina lake la kuzaliwa, jina ambalo mke hamwiti mumewe mbele za watu, wapakiaji wakaacha magunia wakanitazama, naye hakugeuza hata shingo. Nilirudi kwa miguu nikiwa nimejifunika kanga usoni. Mfuko wangu wa nguo uko tayari, nawachukua watoto nakwenda kwa mama Lupiro, ila kabla ya kuondoka nataka nichukue kisu nichane lile dari nione alichokificha humo. Nifanyeje, Shangazi?

Mimi mwenye moyo mzito, Lipangalala.

*

Marahaba, mdogo wangu Mama Sayi. Umeniomba nisikutaje, kisha ukanitajia mtoto, kabila, lori na rangi ya kitambaa. Bahati yako kina Mama Sayi Ifakara ni wengi. Jifiche humo humo.

Kwanza weka kisu chini. Juu ya kile kitambaa kuna sponji, juu ya sponji kuna bati, na juu ya bati kuna mvua. Hakuna mwanamke anayekaa hapo.

Pole. Kumwita mumeo mbele ya watu asigeuke ni maumivu, na kwa hilo sikucheki. Lakini barua yako nimeisoma, nikarudia, nikimtafuta huyo mwanamke, sikumpata. Hana jina, hana nyumba, hajaangusha hata unywele mmoja kwenye kapeti jipya. Aliyemleta ni Merina. Jirani kama huyo akija kuomba moto mpe, akija na wa kwake mfungie mlango.

Na hicho kichupa! Mdogo wangu, ni mwanamke gani wa kuvutwa kwa kitunguu saumu? Ulipokuwa mtoto, ukilia usiku, bibi yako alipasha mafuta ya kitunguu saumu akayatia wapi, kisha akapaziba kwa pamba? Jibu unalo.

Mimi pia nina shaka na mumeo, ila shaka yangu imekaa kwingine. Garini abiria unakaa kushoto kwake. Dirisha ulilosimama ni la kushoto. Alipolala ukutani ulikuwa kushoto kwake, sasa amekuhamishia kulia. Simu anaibana sikio la kulia, na anaipeleka nyuma ya nyumba ambako watoto hawapigi kelele. Mimi si daktari, na naweza kukosea. Lakini mjomba wangu alipasua mbao kwa mashine Mang'ula mpaka uzee, na kila ulichomwambia alisema "eeh" akatabasamu, hata msibani. Tulimwona ana dharau. Kumbe hakuwa anasikia kitu, na aliona aibu kusema.

Nadhani sikio la kushoto la mumeo linakwenda, naye anajua, na anaogopa. Nani atampa mzigo dereva asiyesikia? Akaona afadhali apunguze kelele za injini ili zimbakizie sauti za watu. Huenda hicho chumba cha bibi harusi amekuandalia wewe, mpate kuongea tena njiani, nawe unataka kukichana.

Lakini huruma yangu kwake inaishia hapo. Mwambie nimesema ni mjinga! Ukuta wa nyuma ndipo Beatus anapogonga: moja simama, mbili twende. Kauvika mpira, sponji na kitambaa. Utingo anagonga godoro, dereva ni kiziwi wa upande mmoja, kisha anafukuzwa aliyekuwa anamtazamia nyuma. Safari hii yalianguka magunia. Pale kwenye mashine kuna akina mama wanapepeta wameinama, wameligeuzia lori mgongo, wanajua lina utingo. Ukienda Lupiro leo, utarudi kwa habari mbaya kuliko hiyo ya mwanamke.

Kwa hiyo mfuko ufungue, nguo zirudi kabatini. Hospitali mwende wote wawili, akamulikwe sikio na mtu mwenye kifaa, na hayo mafuta ayaache. Inawezekana ni nta tu, na inawezekana si nta, lakini huko ndiko kwa kujua. Hadi hapo lori lisirudi nyuma hata hatua moja bila mtu kusimama upande wa kulia, anapomwona kwenye kioo. Beatus aombwe radhi, na aombwe na mumeo mwenyewe, maana yule bwana kafukuzwa na bado kaitunza siri. Na kwa kuwa una hamu ya kuchana, mpelekeni fundi lori achane ukuta wa nyuma tu, pabaki bati tupu. Dari liacheni, ni zuri. Akikaidi, waite kaka zake. Na kama masikio yake ni mazima yote mawili, hapo niandikie tena, tumtafute huyo mwanamke mimi na wewe.

Leo akirudi, akishakaa, simama kushoto kwake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usilie, wala usikimbilie kwa Merina. Zunguka upande wa kulia, uiname, umwite Baba Sayi, kwa heshima yake. Akigeuka usimuulize habari za mwanamke. Mwambie, "Nimekuita siku nyingi." Kisha nyamaza, naye aseme.