Kulala Inje Bila Kilio

Jeudi, kazi ine, 12 juin 2025. Dilolo

Mama Godelieve mwenye kutufundisha kusoma ku paroisse, ku kanisa, alisema: andika kila siku, hata mistari mbili, ni yako mwenyewe, hakuna mutu atasoma. Sawa. Lakini mi najua kuanza na salamu tu. Njo nasalimia.

Jambo Tata Banza, bwana yangu, na ule muguu yako mubaya. Jambo mama mukwe, kama umeamka. Jambo Dodo mwenye kubakia ku nyumba, ufunge mulango magaribi. Jambo batoto ba Dodo bote, na ule wa kukohoa, apewe chai ya tangawizi. Jambo kuku. Mi niko muzima. Tumefika Dilolo na Stany, muzaliwa wangu wa kwanza, na kinga mbili. Stany anataka niseme velo, ao baiskeli. Mi nasema kinga.

Safari ni juu ya Mignonne. Mutoto wangu mwanamuke, aliolewa kule Angola, Cazombo, na Kankolongo mwenye kuuzisha chumvi. Iko na mimba, karibu azale. Mbili za mbele hazikubakia. Na sasa, tangu kazi moja, siku ine yote, simu yake haiite. Ya Kankolongo vile vile.

Mi nilitaka tupande kamyo. Kamyo inasubiri ijae. Naye Stany, tangu muzungu mumoja wa kazi yake Fungurume alirudia kwabo na kumuachia kinga na tente, haongee kitu ingine. Mama, siku tatu ao ine tu, tutafanya turisme. Nikauliza turisme ni nini. Anasema ni kutembea bila sababu. Nikamuambia mi niko na sababu.

Yeye anakanyaga ile ya muzungu. Mi niko na ile ya Tata Banza, ya wakati alitumika ku reli. Breki ni viatu yangu.

Vendredi, kazi tano, 13 juin. Angola

Tumevuka. Polisi wa Angola aliangalia karatasi yangu, akaangalia kinga, akaangalia kikwembe nimevaa. Akamuuliza Stany kama mi ni mama yake ya kweli. Stany akakubali. Polisi akatikisa kichwa, akapiga kashe ku karatasi. Akatukataza kulala mu pori, hata kidogo — vita yabo iliacha mabombe mu udongo. Mulale karibu na nyumba za batu.

Muchanga! Njia yote ni muchanga. Unakanyaga, kinga inabakia pale. Unashuka, unasukuma. Stany anasema Mama, angalia vile inchi ni ya muzuri. Nikaangalia. Miti. Hata kwetu iko. Nilianguka. Nikaanguka tena, ile ya pili Stany akapiga foto.

Magaribi tukafika mu kijiji kidogo. Stany akasimamisha tente pembeni ya njia, mbele ya nyumba za batu, vile polisi alisema. Ni nyumba ya kitambaa, unaingia na magoti. Roho yangu ikakataa. Nikamuuliza, Stany, kwetu nani analala inje? Ni benye kilio. Mutu akikufa, banatandika bâche, ile turubai, mbele ya nyumba, bamama banakaa chini na miguu ya kunyosha, ndugu bote banalala pale. Kufanya ile bila maiti ni kuita kifo. Na dada yako vile iko! Anasema, Mama, ni kitambaa tu, hata fermeture ya kufunga mulango inayo.

Nikakaa chini mbele ya tente, miguu nimenyosha, juu magoti ilikuwa inauma. Haya.

Bamama bakaanza kukuja. Wa kwanza na unga ya muhogo. Wa pili na kuni. Wa tatu na kuni. Kikwembe imefungwa mu kiuno, hakuna mwenye kusalimia, banakaa tu chini karibu yangu. Mumoja muzee akaanza kulia, pole pole, mukono ku kichwa. Stany alikuwa anagonga bijiti bya tente. Anauliza kama hawa bamama banauzisha kuni.

Mumoja, Mama Numbi, anajua Kiswahili. Aliuzisha samaki Kolwezi miaka mingi. Akanishika mukono.

— Pole, mama. Ni nani?

— Hakuna mutu amekufa.

— Uko na nyumba kwako, uko na mutoto mukubwa hapa, unalala inje juu ya nini?

Stany akajibu: turisme. Mama Numbi akafasiria benzake na Kichokwe, maneno mingi. Bote bakamuangalia Stany. Ule muzee akalia zaidi.

Mi nilitaka kucheka, ikatoka machozi. Nikabaambia yote: Mignonne, mimba, zile mbili, simu. Halafu nikaogopa. Sasa nimekalisha kilio ya mutoto wangu, na unga, na kuni, na benye kulia! Nikaomba barudishe ile unga. Mama Numbi akakataa. Unga ya kilio hairudie mu nyumba, inakuliwa pale inafika. Njo bakapika ile unga bukari, na sombe, majani ya muhogo. Tukakula. Muzuri, chumvi kidogo tu ilikosa. Stany aliongezewa, akaongezewa tena.

Bakakataa kwenda kwabo. Mwanamuke mwenye kulala inje haachwe peke yake. Bakatandika mikeka. Mu tente Stany alilala peke yake, mi inje na bamama. Baridi, lakini mugongo ya mutu huku na mugongo ya mutu kule.

Samedi, siku ya posho, 14 juin

Jua haijatoka, Mama Numbi ananiamusha. Anasema tente ishuke sasa, halafu tunawe ku muto, kilio iishe, iende na maji. Kwetu pia, kilio ikiisha banaenda kunawa. Nikaona ni sawa. Bamama bakang'oa bijiti byote. Stany alikuwa angali ndani. Alitoka na kitambaa ku kichwa, anauliza kama ni bezi ba kuiba tente.

Tukanawa. Ile baridi ya juin mu maji, acha. Hakuna mwenye alilia tena. Ku kuachana Mama Numbi akasema:

— Ukifika, tuma mutu atuambie ni mwanamuke ao mwanaume.

Njo vile alisema. Hakuuliza kingine.

Sasa tumesimama ku kilima kidogo. Banasema juu yake njo iko rezo ya simu. Stany amepanda na simu. Mi niko chini na kinga mbili na tente.

Simu iko ku sikio. Anaongea, namuona mukono inatembea. Basi mutu amejibu. Sasa haongee, anasikiliza. Anasikiliza muda murefu. Amevua kofia. Labda ni jua.

Nimejiangalia: nimekaa chini, miguu nimenyosha. Nimesimama mbio. Naandika wima, karatasi ku kiti ya kinga.

Ameinua mukono. Ni kuniita, ao ni kutafuta rezo, ni mbali, sione sawa. Sasa anashuka. Anakimbia. Kofia ameiacha kule juu.

Mignonne, Kankolongo, Stany, yeyote mwenye iko na habari: leta neno mbio. Mi niko wima.