Bougie ya radi na goujon ya mwisho

Bukavu, Jumamosi jioni

Imetoka! Niandike kwanza: imetoka.

Goujon ile, chuma kama bulo isiyo na kichwa, ilikuwa imekwama mu motere, injini ya gari ya marehemu papa. Zingine zilitoka kwa mafuta na matusi. Hii, hapana. Ingevunjikia mule ndani, basi, mwisho. Kesho kisha misa tonton Bahati, ndugu ya papa, angekuja kuvuta gari yote ili wayeyushe motere, watengeneze sufuria. Sufuria!

Wafundi wa huku wanapasha chuma moto, kisha wanagusisha nta ya bougie, mushumaa wa kuwasha. Inayeyuka, inaingia mpaka mu kutu. Leo, kisha salongo, ile kazi ya usafi ya Jumamosi, nilizunguka mtaa wa Kadutu yote: bougie hakuna.

Maman akaingia nyumbani, akatoka na bougie yake ya Pasaka, ile ya kubarikiwa, tunayowasha radi ikipiga, itulinde.

"Maman, na radi?"

"Radi itangoja. Toa ile kitu mu gari ya bwana yangu."

Nikapasha, nikagusisha nta, nikafunga ekru mbili, zile nati, zibanane juu yake, nikazungusha na kle, ile spana, pole pole. Ikalia kriii! Nilifikiri imevunjika. Kumbe inazunguka! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Tonton akuje tu. Nitamupa chai, gari hapana.

Sasa mvua inapiga mabati, radi iko juu ya ziwa. Bougie imeisha. Maman amesimamisha goujon pahali pa bougie, kando ya sanamu ya Bikira Maria, na anasali mbele yake.