Bakuli Lililogeuzwa

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Hapa Ipogolo hatujambo. Shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza utamlazaje paka wako na njaa kabla ya upasuaji. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, mbwa aliyeachwa na marehemu babu, baba yake mama, alikuwa apasuliwe uvimbe. Daktari wa mifugo alisema asile chochote tangu jioni. Tukamfungia stoo, tukasahau mle bakuli la ugali.

Asubuhi mama alifungua kufuli. Bakuli lilikuwa limegeuzwa, limefunika ugali, haujaguswa. Ndivyo babu alivyokuwa akimwambia mbwa wake: bado. Mbwa alitikisa mkia, akitazama kona tupu.

Mama akapiga goti. "Kamwene, baba."

Mbwa alipona. Wewe ficha chakula. Ukikuta bakuli limegeuzwa, usipige kelele, salimia.

Bibi yako.