Mama Mkwe Ananiumiza Kichwa, Kweli Kabisa

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijamfukuza mama wa watu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, mume wangu ni kinyozi, tunapendana vizuri tu, tatizo ni mama yake, kila akija kutusalimia kichwa kinanigonga, kichefuchefu, macho mazito, akiondoka napona, na si chuki, maana nikitoka uani kuanika nguo kinatulia, nikirudi nikamkuta kwenye kochi kinaanza upya, hata paka wetu amehamia kwa jirani. Umeme kwetu hukatika kila siku, tukiwa wawili tunawasha mshumaa, lakini mama akiwepo mume wangu analikimbilia jenereta la kinyozini, hata kama kuna mteja amenyolewa upande mmoja, eti mama asikose tamthilia, analiweka koridoni lisinyeshewe wala lisiibwe, mlango wa nje tunaufunga majirani wasilalamikie kelele, basi mama anachomeka birika, pasi na friji kwa mpigo, taa zinafifia, cherehani inakwama katikati ya pindo, waya chini ya mkeka unachemka, petroli ikipungua mume wangu anaongeza likiwa linanguruma, nikisema, mama anajibu, "Mwanangu anajua anachofanya, wewe shona." Siku hizi hata chai yangu anainusa kabla ya kunywa! Nimemwambia mume wangu achague, mimi au mama yake, mwisho Jumamosi. Nimekosea?

Kichwa Kinauma

*

Kichwa Kinauma, pole. Zima hilo jenereta, fungua milango, tokeni wote nje, ndipo uendelee kusoma.

Mama mkwe hana kosa, angalau kwa hili. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Inalewesha, inalaza, na aliyelala huenda asiamke. Paka amelijua hilo bila kwenda shule. Wewe unampa mumeo hadi Jumamosi? Kwa mwendo huo Ijumaa mngebebwa wote watatu. Nendeni hospitali leo, na mkifika mtaje jenereta, msimtaje mama.

Jenereta linakaa nje, mbali na milango na madirisha, bomba la moshi likielekea kusiko na mtu. Koridoni hapana, hata mlango ukiwa wazi. Mvua? Lipigieni bati juu, bila kuta. Mwizi? Mnyororo na kufuli. Na petroli haiongezwi mashine ikinguruma: izimwe, ipoe kwanza. Mama atakosa kipande cha tamthilia, na hatakufa kwa hilo.

Nawe fundi, hukati kitambaa bila kupima kiuno, jenereta umelipima? Soma kwenye kibandiko chake linabeba wati ngapi, soma na vya birika, pasi na friji, ujumlishe. Birika peke yake laweza kula wati elfu mbili, na hilo jenereta limezoea mashine za kunyolea na redio! Umemvalisha mtu mzima gauni la mtoto, mshono lazima uachie. Birika likichemka, pasi ingoje. Na waya huo utoe chini ya mkeka, ununue mnene.

Jumamosi usifukuze mtu. Mkaribishe mama uani, mmiminie chai. Kwa kawaida sitoi siri za watu, lakini barua yake ninayo mezani: mwanawe kinyozi, mkwe fundi, paka kahama, na kila akija kwenu kichwa kinamgonga, anauliza unatia nini kwenye chai. Nilikuwa nimeshamwandikia asiinywe. Jibu nimelichana.

Ila wewe kunywa kwanza, akuone.